Godoro la Watu Wawili

Kwa miaka mitatu nililala kwenye mteremko. Godoro letu la zamani lilikuwa na bonde upande wa mlango, upande wa mume wangu, na mimi niliyelala upande wa ukuta nilikuwa nashikilia ukingo nisiteremke ndani yake. Asubuhi niliamka nimechoka kama mtu aliyebeba mizigo. Mgongo uliniuma mpaka nilipokaa kwenye cherehani, na nikishakaa kwenye cherehani ulianza kuniuma mahali pengine.

Mume wangu hakuwepo. Alikuwa mchimba dhahabu upande wa Mwenga, anaondoka miezi miwili, anarudi wiki moja. Siku moja alinipigia simu akasema Jumamosi atakuwa nyumbani. Kabla Jumamosi haijafika mvua ikanyesha na shimo likaporomoka. Waliotoka kule walileta habari mbili. Wengine walisema alikuwa ndani. Wengine walisema aliondoka siku moja kabla, akapita msituni na wenzake wawili kuelekea Shabunda. Waliofunikwa hawakutolewa. Mimi nilichukua habari ya pili. Mama mkwe wangu, kule Walungu, akachukua ya kwanza.

Kila mmoja wetu akalala kufuatana na habari aliyoichukua. Mimi nililala ukingoni, nikimwachia mwenyewe nafasi yake. Mama mkwe alisimamisha godoro lake ukutani, akatandika mkeka sakafuni. Alisema mwanawe hawezi kulala kwenye udongo mtupu huku yeye analala kwenye mousse, maana sponji ya magodoro huku kwetu tunaiita hivyo, na godoro lenyewe tunaliita matela. Walungu kuna baridi, na kifua chake si kizuri. Kila nilipokwenda kumsalimia, nilisikia kikohozi chake kabla sijafika mlangoni.

Kulikuwa na njia ya kumwinua pale chini, na njia hiyo ilipita kwangu. Katika ukoo wa mume wangu, mtu aliyepotea bila maiti huzikwa kwa mgomba. Wanakata shina lenye urefu wake, wanalivika shati lake, na kabla ya kulipeleka kaburini linalala usiku mmoja kitandani pake, mahali pake, na mkewe pembeni. Mke asipolala nalo, wanasema, kaburi linakuwa la mgomba tu. Shemeji yangu alikuja mara nne kuniomba. Mara zote nne nilimjibu kwamba mimi silali na ndizi. Nilisema hivyo ili acheke, na hakucheka hata mara moja. Nilipofunga mlango nyuma yake nilikuwa na hasira, na sijui nilimkasirikia nani.

Nilipoamua kununua godoro jipya nilijiambia ni mambo ya mgongo tu. Nilikuwa nimemaliza kushona sare za shule, kazi ya mwezi mzima, na kwa mara ya kwanza nilibaki na kitu mkononi. Hakikuwa kingi. Kilitosha godoro jipya la kiasi, au kuukuu zuri. Mimi ni mshonaji na najua kitambaa kizuri kilichotumika kinashinda kibaya kilicho kipya, kwa hiyo nilianza na makuukuu.

Mteja wangu aliniambia kuna nyumba mtaa wa Muhumba ambayo waliokuwa wanaikaa waliondoka, na mlinzi anauza vitu ili ajilipe mshahara. Kuna lateksi ya kweli, alisema, ya kutoka Ulaya. Lateksi ni godoro la mpira, dukani linauzwa bei ya ng'ombe. Nikaenda saa nane mchana, jua likiwa kali, nikiwa nimejiandaa kubishana bei.

Mlinzi alinifungulia. Ndani madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa mbao, na mezani kulikuwa na vikombe viwili vyenye chai iliyokauka. Viti vilikuwa bado vimesogezwa nyuma, jinsi mtu anavyoviacha akisimama.

"Benyewe balienda wapi?" nikamuuliza.

"Balisema banaenda siku mbili tu."

"Na weye unauzisha matela yabo?"

"Maman, ile siku mbili ilishapita mbali."

Chumbani tulijaribu kuliinua lile godoro nilitazame chini, tukashindwa. Lilikuwa zito, linalegea huku na huku, kama mtu anayeamshwa na hataki. Tukaliacha. Nikavua viatu, maana mimi sinunui kitu cha kulaliwa bila kukilalia, nikajinyosha upande wa ukuta kama nilivyozoea. Lilikuwa na mabonde mawili, moja langu, jingine pembeni yangu tupu. Nilishangaa kwamba lilikuwa na joto. Nikakumbuka kutazama dirisha, nijue jua linaingilia wapi, na jua lilikuwa haliingii popote.

Kilichofuata ni mlinzi kugonga ubao wa mlango kwa funguo zake.

"Maman, ulilala."

"Kwa muda gani?"

"Karibu saa moja. Nilikuita mara tatu. Ulikuwa unajibu."

"Nilijibu nini?"

Alitazama funguo. "Ulisema tungoje aamuke kwanza."

Nilivaa viatu vyangu bila kufunga kamba. Kwa miaka mitatu sikuwa nimelala vizuri hivyo, na jambo hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yale maneno. Nilikuwa nimelala saa nzima katika nafasi ya mwanamke nisiyemjua, nyumbani kwake, na nafasi ikanikubali. Bei aliyoitaja mlinzi ilikuwa ya kuchekesha kwa udogo. Nikamwambia nitafikiri, nikashuka barabara kwa haraka mpaka nilipoona watu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa muuza magodoro mapya. Ana kibanda chembamba kando ya barabara iendayo Nguba, magodoro yamepangwa hadi darini, mengine yamekunjwa ndani ya plastiki. Mzee mnene, mwenye subira, anayevaa koti hata kwenye joto. Nilitegemea aniulize nina pesa ngapi. Hakuuliza.

"Mutalala bangapi?" akasema.

Sikutua kufikiri. "Wawili."

"Bwana iko na kilo ngapi?"

Hapo nikageukia godoro la karibu, nikalibonyeza. Akadhani sikuelewa, akanieleza kwa utaratibu, akinionyesha kwa ngumi yake. Mousse nyepesi inapendeza dukani kwa sababu ni laini, alisema, ila baada ya miezi michache inalala chini na hainyanyuki tena. Ile nzito inachelewa kubonyea na inarudi. Mtu mwembamba kama mimi ningeweza kuvumilia ile ya kati. Lakini wawili hulala kwa kilo za yule mzito, kwa sababu yeye ndiye anayechimba bonde na mwenzake ndiye anayeangukia humo.

"Kilo ya bwana ndiyo inachagula matela," akasema. "Si sura ya maman."

Nikamwambia septante-huit. Kilo sabini na nane. Zilikuwa kilo za mume wangu siku alipopimwa kwenye kituo cha afya, mwaka mmoja kabla ya kuondoka kwa mara ya mwisho. Nilizitaja kana kwamba nilimpima asubuhi ile. "Iko mu safari," nikaongeza, ingawa hakuna aliyeniuliza.

"Akirudia atafurahi," mzee akasema.

Alinitolea matatu. La kwanza lilikuwa jepesi, linanuka dawa, nikilibonyeza kidole kinagusa mbao chini. La pili lilikuwa zuri kabisa na pesa zangu hazikulifikia hata kwa kuomba. La tatu lilikuwa la kijivu, mousse ya vipande vilivyosagwa na kugandishwa, sura yake mbaya, uzito wake mzuri. Akaniambia nipige magoti juu yake upande mmoja, nihesabu hadi ishirini, nishuke. Kisha akavuta uzi kutoka ukingo hadi ukingo, akaushika chini pande zote mbili, akanionyesha kwamba kati ya uzi na godoro hakuna mahali penye mwanga. Nilipenda kazi yake ile ya uzi. Mtu anayepima kwa uzi namwamini.

"Ikitoa bonde mbele ya mwaka moja kuisha," akasema, "unaniletea hapa. Ata usiku."

Nililinunua. Sikubaki na pesa ya ganda la kitambaa, nikashona mwenyewe, kwa mabaki ya sare za shule, bluu na nyeupe. Mbeba mizigo alilifikisha nyumbani kichwani. Tulipolitandika kitandani lilikaa sawa kama meza, na mimi nikasimama mlangoni nikilitazama kwa furaha kubwa.

Lililobaki ni la zamani. Ningeweza kulitoa. Lakini mimi ni mtu wa kubana, hata kipande cha uzi siachi kianguke, na viti vidogo vya chumba cha kushonea vilikuwa havina mito. Nikachukua kisu kirefu cha mkate, nikalikata.

Kukata mousse si kazi ngumu. Kisu kilipita upande wangu kama kwenye mkate. Kilipofika kwenye bonde kikawa kizito, maana pale mousse ilikuwa imegandamana na kuwa kahawia, na nilipokaza mkono ikatoa harufu yake. Sabuni, jasho, na moshi wa kule machimboni. Likaanguka na vumbi jekundu, kidogo, la Mwenga, ambalo sikujua alikuwa analileta nyumbani mwilini miaka yote ile ingawa nilimwogesha. Nikafagia. Nikashona mito minne, nikaiweka kwenye viti vinne. Kesho yake asubuhi nilikuta vumbi jekundu tena chini ya kiti kimoja. Nikafagia tena, nikajiambia mwanamke asiyefagia vizuri asilaumu mtu.

Haikupita hata wiki mbili, mama mkwe wangu akaja mwenyewe. Alitoka Walungu na gari la asubuhi, na shemeji yangu nyuma yake amebeba kapu la maharage. Nikamkaribisha kwenye chumba cha kushonea kwa sababu ndicho chenye mwanga. Akakaa. Akakohoa kwanza, muda mrefu, mkono kifuani, sisi wawili tukingoja.

"Nimekuya miye mwenyewe," akasema. "Shemeji yako alichoka kukuomba. Minaomba kuona kitanda ya mutoto wangu."

Sikuweza kumkatalia. Akainuka, akaingia chumbani peke yake, akakaa humo kidogo. Nilisikia mkono wake ukipita juu ya ganda la sare, kitambaa kikikwaruza. Akarudi, akakaa palepale alipokuwa amekaa.

"Ile matela haiko yake."

"Ilizeeka, mama. Niliikata."

"Uliitupa wapi?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Ukakataa kutoka. "Sikuitupa," nikasema. "Uko unaikaliya."

Hakupiga kelele. Aliinuka polepole, akaugeukia mto, akauchukua, akarudi kukaa kwenye kiti kitupu na mto mapajani. Aliuinamia. Kidole chake kikapita kwenye mshono, halafu akakitazama, na mimi niliona kilikuwa na wekundu. Shemeji yangu alitoka nje.

"Kumbe na weye ulishajua," mama mkwe akasema.

"Sijui kitu, mama. Nilikuwa natafuta mito ya viti."

"Mutu mwenye unangojea, huwezi kata matela yake."

Nilimtazama yule mama wa watu, mguu wake wenye vumbi la njiani, kifua chake kikipiga filimbi, miaka mitatu kwenye mkeka akiningoja mimi nimruhusu mwanawe afe. Nikaona aibu. Nikamwambia walete mgomba.

Waliuleta Ijumaa, mchana. Shemeji alikuwa ameukata kwenye shamba la baba yake, akiupima kwa kamba ya urefu wa kaka yake. Wanaume wawili waliuingiza chumbani wakihema. Ulikuwa umevalishwa shati lake la mistari, na mikono ya shati ilikuwa imekunjwa hadi kwenye viwiko, kama alivyozoea kuikunja. Sijui nani aliikumbuka. Mama mkwe aliweka ule mto upande wa kichwa. Nilitandika plastiki na kitenge kwa sababu ya maji ya mgomba, maana hata siku hiyo nilifikiria godoro langu, nasema ukweli. Wakaulaza upande wa mlango. Godoro likabonyea, na mimi niliyekuwa nimekaa upande wa ukuta nikahisi nainuliwa kidogo, kisha naanza kuteremka.

"Iko na kilo ngapi?" nikamuuliza shemeji kwa sauti ndogo.

"Sijui. Lakini iko muzito sawa yeye."

Desturi yao ni kwamba mke hasemi neno mpaka asubuhi. Wakafunga mlango. Wao walikaa nje wakiimba nyimbo za kanisa, baadaye wakachoka, wakanyamaza. Nililala ubavu, uso ukutani, nikashikilia ukingo. Mgomba unatoa sauti. Sikuwahi kulijua hilo. Maji yanashuka ndani yake taratibu, yanabubujika kidogo, yanatulia, kama tumbo la mtu aliyeshiba. Niliogopa, tena niliogopa vibaya sana, na pamoja na hofu hiyo, kila sauti ilipokoma nilitaka irudi.

Nilidhani sitalala. Nililala. Alfajiri niliamka nimeteremka kote, mgongo wangu umegusana na kile kitu, baridi, chenye unyevu, shati limelowa. Kabla akili haijaja nilishaomba samahani, "Pardon," nikajisogeza, kama nilivyosema kila asubuhi ya ndoa yangu. Kisha nikakumbuka kwamba sikutakiwa kusema neno. Sikumwambia mtu yeyote. Nje jogoo alikuwa anawika, wakagonga mlango.

Tulimzika Walungu saa nne, na mto wake chini ya kichwa. Nilimwita mume wangu kwa jina lake pale kaburini, nikalia mpaka sauti ikakatika. Baadaye shemeji aliingia kwa mama yake kulishusha lile godoro lililosimama ukutani miaka mitatu, mama arudi kitandani. Lilikuwa limeoza kwa unyevu, panya wamelila tumbo zima. Mama akalitazama, akasema si kitu, mkeka ameshauzoea. Akatandika palepale.

Mimi nikarudi mjini kwenye godoro langu jipya. Nilikuwa nimelianika juani siku nzima, likakauka, hata doa halikubaki. Usiku wa kwanza nikajinyosha upande wa ukuta, na mwili wangu ukaanza kuteremka kuelekea mlango.

Nilivumilia mwezi mzima. Niligeuza godoro juu chini. Nililigeuza kichwa miguuni. Kila nilipoligeuza, bonde lilikuwa upande wa mlango. Mchana nilivuta uzi wangu wa kushonea kutoka ukingo hadi ukingo, nikainama kutafuta mwanga chini yake, na hakukuwa na mwanga. Nikabadilisha uzi. Nikaweka kiganja mahali pale, mousse ikawa imara, sawa na kwingine. Nikizima taa naanguka humo. Hasira ikanishika, hasira ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu, na niliishikilia hasira hiyo kwa nguvu zote maana nilielewa vizuri ningebaki na nini ikiondoka.

Nikalipa mbeba mizigo, tukalirudisha kwenye kibanda cha barabara ya Nguba.

Mzee wa magodoro alinikumbuka. Alilitandaza sakafuni, akavuta uzi wake, akainama kwa shida akitazama kwa jicho moja. Akapiga magoti upande wa mlango, niliokuwa nimeutia alama ya chaki, akahesabu, akashuka. Mwishowe akavua koti, jambo ambalo sikuwa nimeliona, akalala juu yake mwenyewe, mikono tumboni, akitazama dari. Wapita njia walitucheka. Akainuka.

"Maman, bonde haiko."

"Naangukiaka ndani kila usiku."

"Angalia uzi na macho yako."

"Nimeshaangalia uzi, papa. Uzi unasema haiko. Miye naanguka."

Hakubishana. Alikunja uzi kwenye vidole vyake, taratibu, akinitazama. Nadhani alitazama kitambaa changu cha kichwa, kile cha msiba, ambacho siku ya kwanza sikuwa nacho. Halafu akaniuliza swali lake lilelile, kwa sauti ileile ya biashara.

"Munalalaka bangapi?"

Gari lilipita nyuma yangu. Lilipokwisha kupita alikuwa bado anangoja.

"Moja," nikasema. "Minalalaka miye moja."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Nililia kaburini mbele ya ukoo mzima, nikavaa kitambaa, nikapokea pole za watu, na neno hilo sikuwa nimelitamka popote mpaka pale kibandani, mbele ya mtu ninayemjua kwa sababu ya sponji. Nikakaa kwenye godoro langu pale sakafuni.

Mzee akavaa koti lake. Kisha akasema, "Basi tuikate."

Akatoa msumeno mwembamba wa kukatia mousse, akalaza ule uzi katikati kwa urefu, nikaushika mimi upande mmoja. Alikata moja kwa moja, hakutetereka. Yakawa magodoro mawili ya mtu mmoja mmoja. Nilitoa lile ganda la sare, nikaligawa, nikashona mawili jioni ileile. Nikayaweka sambamba, ya bluu na nyeupe, na hata mimi mwenyewe ilinibidi nitafute alama ya chaki niliyoiacha nijue lipi lilikuwa upande wa mlango.

La upande wa ukuta ndilo ninalolala mpaka leo, kwenye kitanda chembamba. Haliteremki popote.

La pili nililipeleka Walungu, juu ya gari dogo, limefungwa kamba. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele ya nyumba anachambua maharage. Nikamwambia nimemletea matela, kwamba nililibakiza nilipopunguza kitanda. Sikumwambia lilikatwa kutoka wapi, wala lilikuwa upande gani. Tulilitandika pamoja juu ya kitanda chake cha mbao. Akasimama pembeni, akapitisha kiganja juu ya kitambaa kuanzia kichwani, polepole, akishuka, mousse ikiwa sawa kama meza. Katikati mkono ukasimama.

Uliendelea kusimama pale. Nikaona vidole vyake vinajikunja, vinafuata ukingo wa kitu, vinakizunguka.

Alivua viatu, akapanda, akalala ubavu, mgongo umebana ukutani kabisa. Alikuwa mwanamke mwenye mwili mdogo na godoro lile lilimtosha kujinyosha atakavyo. Yeye akajibana kwenye ukingo, mkono mmoja ameunyosha mbele yake, akaacha nafasi ile yote tupu, vile mama anavyolala na mtoto mchanga.

"Funga mulango," akasema. "Kuko baridi."

Nikafunga. Nikasimama nje nikingoja kikohozi chake, maana alikuwa hajawahi kulala bila kukohoa kwanza. Hakikuja. Nilikuwa nimeshageuka kwenda barabarani niliposikia sauti yake ndani, nzito kwa usingizi, haikuwa inasema na mimi.

"Sogeya kidogo."